Pazia Linaloonyesha Miguu

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni afunge bomba kidogo. Aliye kwenye gari apandishe kioo. Mwenye mtoto karibu amvute, amkalishe pembeni yake, maana habari ya leo ina mtoto ndani yake, na kuna mahali utataka kumshika wako mkono.

Bi Pazia ametutoka. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: Bi Pazia, mkutubi wa watoto, yule mama wa mashairi ya jukwaani, ametutoka. Kifua kilimsumbua muda mrefu, akalazwa, na juzi asubuhi akafariki huku dada yake mkubwa amemshika mkono.

Jina la kwenye vyeti analo. Lakini ukilitaja mtaani kwao watu wanakutazama. "Nani huyo?" Ukisema Bi Pazia, hata muuza mkaa anaacha gunia lake anakupeleka mpaka mlangoni. Mimi nimepelekwa. Nimekaa na dada yake sebuleni, nimeweka simu mezani, nimerekodi. Nitawasomea maneno yake kama alivyoyasema, maana mama huyu naye ana mdomo!

Tuanze mwanzo. Baba yao alikuwa mvuta kamba kwenye ukumbi wa maigizo. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Pazia lifunguke, pazia lifungwe. Watu wanapiga makofi kule mbele, yeye kule gizani anajifuta jasho. Na watoto wake wawili wa kike walikuwa wanakaa naye huko huko pembeni, juu ya sanduku la viatu.

Dada yake anasema: "Sisi mchezo kwa mbele hatukuwahi kuuona, mwanangu. Tuliona mgongo wa mfalme. Kwa mbele kavaa joho linang'aa, kwa nyuma limeshikiliwa na pini za nepi. Mdogo wangu alikuwa anacheka mpaka baba anamziba mdomo kwa kofia."

Basi mtoto yule akakua na hicho kicheko. Akaenda kufanya kazi maktaba. Alianza kwa kupangusa vumbi, akasoma jioni, akapanda, akakabidhiwa chumba cha watoto. Chumba kile kilikuwa nyuma kabisa ya jengo, mwisho wa korido ndefu. Dirisha moja la nondo. Meza fupi. Na watoto wanaoletwa na walimu wao kwa mstari, wanakaa mikono imefungwa kifuani, wanasimama mmoja mmoja kusoma shairi kama wanatangaza bei za nyanya.

Jamani, Bi Pazia hakuweza kuvumilia. Akaanza kuandika mashairi yake mwenyewe. Ya watoto. Yote ya jukwaani. Shairi la taa iliyochoka kummulika mfalme. Shairi la viatu vinavyoigiza na watu tofauti kila siku. Shairi la mnong'onezi, yule anayejificha pembeni kumkumbusha mwigizaji maneno akisahau. Na kila shairi lilikuwa na nafasi ya kila mtoto. Husomi ukakaa. Unakuwa kitu. Unakuwa mfalme, unakuwa mbwa, unakuwa mvua, umeshika kopo lenye maharage unatikisa.

Kuna mtoto siku moja alikataa katakata. "Mimi sitaki kuwa kiti."

"Kwa nini, baba?"

"Kiti kinakaliwa."

Bi Pazia akainama mpaka sikioni kwake, lakini akasema kwa sauti wote wasikie: "Kiti ndicho kinachomjua mfalme kuliko waziri. Kinajua uzito wake. Kinajua hata akijamba."

Wee! Kuanzia siku hiyo kukawa na ugomvi wa kugombea kiti.

Sasa shikeni jambo moja, wapendwa, kwa sababu ndilo litakalotutesa mbele. Pale mlangoni Bi Pazia aliweka kikapu. Kikapu cha kawaida tu. Kila mtoto akiingia anainama, ananong'ona jina lake ndani ya kikapu, analiacha humo. Tangu hapo hana jina. Ni taa. Ni mbwa. Ni kiti. Ukimwita kwa jina lake haitiki, mpaka shairi liishe na jina alichukue. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kikapu, na watoto waliipenda kuliko pipi.

Siku moja alikuja mwalimu mkuu wa shule fulani kukagua. Kasimama mlangoni, kamwona mwanafunzi wake kapiga magoti, mikono sakafuni. Akamwita. Kimya. Akamwita tena, sasa kwa ukali. Kimya. Mwalimu mkuu akamgeukia Bi Pazia: "Huyu mtoto amekuwa kiziwi?"

Mtoto mwingine akajibu kwa niaba: "Viti haviitiki, mwalimu."

Watu walicheka. Mwalimu mkuu mwenyewe alicheka, akatoka anawasimulia wenzake. Walimu wakaanza kuyaomba mashairi yale, wakayapeleka madarasani kwao, na vikapu wakaweka. Kila mtu alisema sheria ile ni tamu. Hakuna aliyejiuliza swali.

Swali lilikuja lenyewe, na lilikuja na moshi.

Ilikuwa mchana. Darasa zima liko ndani na mwalimu wao. Mwisho wa chumba, mbele ya lile dirisha la nondo, kuna pazia. Pazia zito la buluu, linaburuza mpaka sakafuni. Alilishona fundi wa cherehani mwenye duka ng'ambo ya barabara, akakataa malipo, kwa sababu binti yake alikuwa ndani ya darasa hilo. Binti huyo sasa ni mtu mzima, ni nesi. Nimeongea naye. Jina kaniomba nisilitaje, nimwite vile alivyoitwa shuleni: Sisimizi. Alikuwa mdogo wa umbo hivyo. Na kwa sababu ya udogo wake, kila mara alipewa nafasi moja. Mfunga pazia.

Mfunga pazia kazi yake ni kujibana ndani ya mikunjo ya lile pazia asionekane hata unyayo. Anangoja. Wenzake wanaondoka jukwaani mmoja mmoja kwa kuitwa na shairi. Yeye ni wa mwisho. Beti zake za mwisho ziko hivi, sikieni:

Mfalme, taji vua,
taa, zima lako jua,
mbwa, shuka na mvua,
pazia halijafunga.

Nani huyo kajificha,
jina lake kaliacha,
hajibu mpaka kucha,
pazia halijafunga.

Hapo Bi Pazia anaita, "Mfunga pazia, funga!" Na kutoka kwenye kitambaa inatoka sauti ndogo: "Nimefunga, natokea!" Makofi. Kila mtu analikimbilia jina lake kikapuni.

Siku ile shairi lilikuwa katikati. Bi Pazia akasikia harufu. Plastiki inaungua. Akageuza shingo, akaona moshi unapita chini ya mlango wa chumba cha jirani, chumba cha mashine ya fotokopi. Moshi mweusi. Mzito. Unatambaa kwenye korido, na korido ndiyo njia pekee ya kutokea.

Angefanya nini? Apige kelele za moto? Watoto wote wale, mlango mmoja, korido nyembamba? Wangekanyagana.

Hakupiga kelele. Akaendelea na shairi, akarukia beti za mwisho. Sauti ile ile. Akamwashiria mwalimu kwa macho, na akasoma: "Mfalme, taji vua..." Mfalme akatoka. Mwalimu akamshika mkono, korido, nje. "Taa, zima lako jua..." Taa zikatoka. Viti vikafuata. Mbwa akatoka anabweka! Watoto wanatembea kwa mstari, wameinama, wanaziba pua, wanadhani ni mchezo mpya. Aisee, mpaka hapo ni muujiza. Mpaka hapo shairi limeokoa darasa.

Ilibaki mvua. Watoto wa makopo. Wakiwa kwenye korido mmoja akateleza, maharage yakamwagika, akaanguka, wenzake wakamwangukia. Moshi umeshashuka usawa wa kiuno. Bi Pazia akaliacha shairi. Akakimbia, akambeba huyu, akamburuza yule, akawasukuma mpaka uani. Akaanguka magotini, anakohoa, hewa haiingii, masikio yamemziba.

Alikuwa ameliacha shairi kabla ya mstari wa mwisho.

Narudia, wapendwa. Mstari wa mwisho haukusemwa. Mfunga pazia hakuitwa.

Uani mwalimu anahesabu vichwa. Anahesabu tena. Uso unambadilika. "Sisimizi yuko wapi?"

Mlinzi wa maktaba, mzee mmoja mkavu, hakungoja kuulizwa. Akaingia. Akafika mpaka mlango wa chumba cha watoto. Nimempata kwa simu, sasa ni mkongwe, anasimulia: "Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, lile alilopewa na wazazi wake. Nikanyamaza nisikilize. Hakuna hata kikohozi. Nikaita tena mpaka koo likakauka. Nikasema humu hamna mtu. Nikatoka nikawaambia, hamna mtu."

Hamna mtu. Basi wakagawanyika. Wengine wakakimbilia vyooni. Wengine getini. Mtoto atakuwa ametoka kwa woga, atakuwa amekimbilia barabarani. Na wakati huo huo yule fundi, mama yake, ameona moshi, amevuka barabara na futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Mwanangu yuko wapi?"

Akazunguka nyuma ya jengo, kwenye lile dirisha la nondo. Kioo kimefungwa, kimefunikwa na kile kitambaa chake cha buluu. Akapiga kioo kwa kiatu mpaka kikapasuka. Moshi ukatoka. Akaita. Mama anaita jina la mtoto wake, wasikilizaji wapendwa. Anaita jina alilompa mwenyewe.

Kimya.

Na mtoto yupo hapo! Hatua moja kutoka dirishani! Amejibana kwenye kitambaa, amekumbatia magoti!

Nilimuuliza Sisimizi, dada yangu, hukusikia? Akasema: "Nilisikia. Nilimsikia mlinzi. Nilimsikia na mama, nilijua kabisa ni mama. Nikasema moyoni, mama naye, anataka niharibu. Nikajifunika pua kwa pazia. Nilikuwa nangoja niitwe."

Mama akageuka kutoka dirishani. "Hayumo," akasema, "hayumo humu, angeniitikia mimi." Akaanza kukimbia kwenda barabarani, akakatiza uani analirudia neno hilo. Na hapo ndipo Bi Pazia, yuko chini anakohoa, akalisikia hilo neno. Angeniitikia. Akaelewa.

Akainuka, akamkamata yule mama gauni, akasema kwa sauti inayokatika: "Yumo! Ameacha jina kikapuni. Hawezi kukuitikia!"

"Unasema nini wewe?"

Hakukuwa na muda wa kueleza. Bi Pazia akafika dirishani, akashika nondo, akafungua mdomo aite ule mstari. Sauti haikutoka. Koo lote limejaa moshi. Akajaribu tena. Hewa tupu. Mistari yote ile aliyowahi kusoma, na huu mmoja umegoma.

Akamvuta mama karibu. Akaweka mdomo sikioni kwake. Akamnong'oneza.

Na yule mama, hajui shairi, hajui jukwaa, hajui anachoambiwa kina maana gani, akashika nondo kwa mikono miwili akapasua sauti: "Mfunga pazia, funga!"

Sekunde zikapita. Moshi unatoka tu.

Halafu ndani, chini kabisa, kijisauti kinakwaruza: "Nimefunga... natokea."

Pazia likatikisika. Mkono mdogo ukapenya kwenye nondo. Mama akaudaka, akaushika hivyo hivyo, nondo zikawatenganisha, haziwezi kung'oka. Bi Pazia akamwonyesha kwa kidole mlinzi aliyewafuata huko nyuma: pale, chini ya dirisha. Mlinzi akaloweka koti lake kwenye ndoo ya kudekia, akajifunika kichwa, akaingia mara ya pili. Safari hii alijua anakwenda wapi. Alitoka na Sisimizi kwapani kama gazeti.

Vuteni pumzi. Na mimi nivute.

Watu wengi wanaosimulia habari hii wanaishia hapo. Wanasema Bi Pazia aliokoa darasa kwa shairi. Ni kweli. Lakini Bi Pazia mwenyewe hakuwahi kuisimulia hivyo. Dada yake ananiambia, mtu akimpongeza, yeye anabadilisha mazungumzo, anauliza kama kuna chai.

Kwa sababu jioni ile ile, moto umeshazimwa, fundi aliingia chumba cha watoto, akalishusha lile pazia, akalikunja. Walimu wamesimama wanatazama. Akasema: "Nimeshona kwa mkono wangu sanda ya mwanangu." Akaondoka nalo.

Na Sisimizi akakatazwa kukanyaga maktaba.

Bi Pazia alikaa nyumbani, haandiki, hali vizuri. Kisha siku moja akavaa, akaenda dukani kwa yule fundi. Alikwenda na dada yake, kwa hiyo maneno haya yana shahidi. Fundi hakuinua macho. Cherehani inalia tu, tratratra.

"Mama Sisimizi, nimekuja."

"Nakuona."

"Nimekuja kuomba radhi."

Cherehani ikasimama. "Radhi baadaye. Nijibu kwanza. Mimi ni mama yake. Nimemwita, hakuniitikia. Umemfanya nini mwanangu?"

Dada yake anasema alidhani mdogo wake atajitetea. Atasema, lakini wenzake wote walitoka salama. Atasema, lakini mimi ndiye niliyejua alipo. Wala. Akasema: "Nimemfundisha kuingia. Sikumfundisha kutoka."

Fundi akasogeza kwa mguu kigoda cha wateja. "Kaa."

Na Sisimizi alikuwepo, juu ya marobota ya vitambaa, anasikiliza kila kitu. Bi Pazia akamwita. Akamwambia anataka kuongeza ubeti kwenye lile shairi, na hatauongeza mpaka Sisimizi aukubali. Akausoma:

Moshi si wa mchezoni,
jina toa kikapuni,
zamu acha, toka ndani,
pazia litajifunga.

Mtoto akafikiri. Watoto hawa! Akaanza kumhoji mkutubi kama hakimu.

"Na kama mfalme bado anaongea?"

"Toka."

"Na kama wenzangu watanicheka?"

"Toka."

"Na kama ni moshi wa uongo, wa kuigiza?"

"Toka kwanza. Tutacheka wote nje."

Sisimizi akachezea uzi. "Na kama wewe ndiye umesema nisitoke?"

Dada yake anasema hapo mdogo wake alimshika mtoto mabega.

"Toka," akasema Bi Pazia. "Hata mimi nikisema usitoke. Toka."

Mtoto akakubali kwa kichwa. Kisha wote watatu wakamgeukia mama. Fundi akavuta lile pazia la buluu kutoka chini ya meza, akalitandaza, akachukua mkasi mkubwa, akalikata. Akalikata usawa wa magoti ya mtoto. Akapinda ukingo, akapiga cherehani, akamtupia Bi Pazia mapajani.

"Nataka nione miguu," akasema. "Tungeni mnachotunga. Mimi nataka nione miguu."

Wasikilizaji wapendwa, mkiingia chumba cha watoto maktaba, au darasa linalotumia mashairi ya Bi Pazia, mkaona pazia fupi la ajabu, miguu ya watoto inaonekana kwa chini na wao wanadhani wamejificha, msidhani kitambaa kilipungua. Pazia lile limekatwa na mama. Sisimizi alirudi. Alifunga pazia mpaka alipozidi umri. Na Bi Pazia, kwa miaka yote iliyobaki, hakuanza shairi kabla ya kuwasomesha watoto ubeti wa kutoka. Wa kutoka kwanza. Ndipo kikapu. Kile kifua kilichobakiza moshi hakikupona sawasawa, lakini aliendelea kusoma nacho hivyo hivyo, akikohoa katikati ya mishororo, na watoto wakimngoja.

Kwa dada yake mkubwa, uliyetupokea ukiwa na machozi na bado ukatutania: pole sana, mama. Kwa watoto wake na wajukuu, kwa wakutubi wenzake, kwa mlinzi mzee, kwa fundi na binti yake: poleni. Tumempoteza pamoja nanyi. Mungu ampumzishe.

Na wewe unayenisikiliza, kuna mtoto umemwambia maneno haya, leo au wiki hii: kaa hapo, usitoke mpaka nije. Usifungue. Usijibu mtu. Ni maneno mazuri, ya kumlinda, wote tunayasema. Basi kabla hajalala, mwite. Mkalishe. Mwambie atakutii mpaka wapi. Mwambie ni lini aondoke bila kukungoja wewe. Na akikuuliza, kama Sisimizi alivyouliza, "Hata kama wewe umesema nisitoke?", usigeuze uso.

Mjibu.